Nambari Kumi na Nne Ilikuwa Yako

Kwa Jerusha Karimi, binti Muthamia, mke wa Nthiga. Imeandikwa na kaka yake, Japhet Kirimi, kwa niaba ya familia, isomwe kanisani Ishiara siku ya kumbukumbu yake.

Karimi, mwaka umezunguka tangu Alhamisi ile tulipokuteremsha kwenye udongo mwekundu wa Ishiara, mbali na baridi ya Kiirua ulikozaliwa. Waliochimba walilalamika kwamba ardhi ni ngumu, maana mvua ilikuwa imekataa. Mwaka huu imenyesha kidogo. Ndengu za Nthiga zimeshika, na paa la jikoni limebadilishwa mabati mawili upande ule uliokuwa unavuja. Nakuambia hayo mwanzo kwa sababu ndiyo ungeuliza mwanzo.

Familia ilikaa ikanipa mimi kalamu. Hasa ni binti yako, Rwamba. Aliniambia, "Mjomba, andika wewe. Usipoandika lile jambo, nitaliandika mimi, na mimi sitaliandika kwa upole." Gazeti lingetupa nafasi ya vidole vitatu na picha, ndiyo maana tumechapa wenyewe, kila mtu aende nyumbani na nakala yake. Wanaosikiliza wanivumilie.

Lile jambo ni hili. Nambari kumi na nne ilikuwa yako. Nimeishi nayo miaka arobaini na saba, nimepandishwa cheo nayo, nimeheshimiwa nayo, na haikuwa yangu hata siku moja. Ulitaka kitu kimoja tu kutoka kwangu, niseme hivyo mbele ya watu, na ulikufa sijasema.

Leo watakuja wazungumzaji watasema ulikuwa mpole na mvumilivu. Hukuwa mpole. Ulikuwa na ulimi, na msichana wa shule aliyeshika chupa ya asidi ovyo mle maabara ulikofanya kazi aliujua ulimi huo. Neno "mvumilivu" ulilichukia. Padri alipokuita hivyo kwenye harusi ya Rwamba, ulininong'oneza, "Mtu akikanyagwa mguu akanyamaza, wanampa jina zuri." Nilicheka. Sikujua kama ulikuwa unanisema mimi au unasema tu, na niliogopa kuuliza.

Turudi nyuma kidogo, ili vijana waelewe. Sisi wawili tulisoma pamoja ile shule ya harambee iliyojengwa kwa michango ya wazazi juu ya Kiirua, darasa moja, kwa sababu mimi nilirudia mara mbili na wewe hukurudia hata mara moja. Fizikia ilikuwa ya wavulana. Wasichana walipelekwa sayansi kimu, wakajifunze kuoka keki, ingawa hakukuwa na nyumba hata moja pale yenye jiko la kuiokea. Wewe ulikataa keki. Ulisimama kwenye mlango wa darasa la fizikia wiki nzima, mpaka mwalimu akachoka kukuona, akasema, "Haya, ingia. Lakini utaandika."

Kuandika maana yake ilikuwa hii. Vifaa vilikuwa seti mbili kwa darasa zima. Wavulana walishika vifaa, mmoja wao akasoma mizani au mita kwa sauti, na wewe ukaandika hesabu kwenye jedwali kwa sababu mwandiko wako ulikuwa mzuri. Miaka minne hukugusa waya. Uliandika tu. Lakini mwenye kuandika ndiye huona hesabu zote, na ulianza kujua ipi imekaa vibaya. "Kirimi, umesoma mita ukiwa umesimama pembeni. Simama mbele yake, usome tena." Nilikasirika, nikasoma tena, na kila mara ulikuwa umesema kweli.

Mtihani wa Kidato cha Nne ulipofika, kila mtu aliwekewa meza yake na vifaa vyake, vilivyoazimwa shule nyingine. Ilikuwa mara ya kwanza kwako kushika. Ulitoka mle ndani na kidole kimeungua na uso umetulia kabisa. Mimi nilitoka nimelowa jasho.

Sasa lile kosa. Majina ya watahiniwa yalichapwa na karani wa shule, Bundi, mtu wa pale pale kwetu. Mtu wa kutoka Mombasa au Kisumu angenakili herufi kama zilivyo, kwa maana kwake Karimi na Kirimi ni sauti tu. Bundi alikuwa Mmeru, kwa hiyo alijua. Alijua Karimi ni msichana na Kirimi ni mvulana. Alijua pia kwamba fizikia ni ya wavulana. Akaona "J. Karimi Muthamia, Fizikia," akadhani aliyejaza fomu amekosea, na yeye kwa wema wake akasahihisha. Alitueleza hivyo baadaye bila haya. "Niliona hiyo a, nikajua mkono umeteleza." Mimi Japhet, wewe Jerusha, sote tukawa J. Kirimi Muthamia, mmoja nambari kumi na nne na mwingine kumi na tano.

Matokeo yalikuja na majina hayo hayo. Nambari kumi na nne ilikuwa imefaulu fizikia kwa alama ambazo shule ile haikuwa imewahi kuziona. Kumi na tano ilikuwa imeanguka. Hedimasta alimwambia Baba kwamba mwenye karatasi nzuri ana nafasi katika chuo cha ufundi Nairobi, kozi ya sayansi, na kwamba masomo yanaanza baada ya wiki mbili. Kurekebisha jina, alisema, kungechukua mwaka, na nafasi isingengoja.

Baba yetu, Mzee Muthamia, hakuwa mtu mbaya. Alipenda ukimsomea gazeti, na akikukatiza alikuomba radhi. Jioni hiyo, kabla ya giza kuingia, aliziweka karatasi mbili juu ya meza, akazitazama muda mrefu.

"Hii nzuri ni ya nani?"

Ukasema, "Ni yangu, Baba. Kumi na nne. Mimi niliketi mbele, Kirimi aliketi nyuma yangu, kumi na tano."

"Imeandikwa Kirimi."

"Zote zimeandikwa Kirimi."

Mama alikuwa anamenya viazi. Bila kuinua kichwa alisema, "Baba Kirimi, mtoto anaijua nambari yake."

Baba akanigeukia. "Na wewe? Yako ilikuwa ngapi?"

Nikasema, "Sikumbuki."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimeiandika juu ya kila karatasi ya majibu, mtihani baada ya mtihani. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, nimerudia mara mbili, na nilitaka sana kuondoka pale nyumbani. Hiyo ndiyo sababu yote, hakuna nyingine nzuri zaidi iliyojificha nyuma yake. Wewe ulinitazama. Hukulia, hukuniita mwongo. Ulichukua ile karatasi nyingine, ya kumi na tano, ukaikunja ukaiweka ndani ya Biblia ya Mama. Baba akasema, "Basi Kirimi ataenda. Siwezi kupeleka msichana Nairobi na jina la mvulana, watu wamcheke." Tukala.

Nataka watu wajue pia kwamba uliendelea kunifundisha. Nilirudi likizo ya kwanza nikiwa na daftari ambalo sikuelewa ukurasa wa pili. Tuliketi kwenye magunia ya viazi ghalani, nawe ukanieleza mambo ambayo hukuwa umefundishwa na mtu. Ulisoma daftari langu mara moja, ukasema, "Aa, kumbe hivi," ukanionyesha. Likizo sita. Kisha chuo kikanipa diploma, na serikali ikanipa kazi ya kupima maji, Embu. Nilikunywa chai na wakubwa. Uliponitembelea mara ya kwanza, uliingia maabara yangu ukatembea taratibu kati ya meza, mikono nyuma, hukugusa kitu. Niliona na nikajifanya sijaona.

Wewe ulipata kazi shule moja ya wasichana karibu na Ishiara. Kuosha vyombo vya maabara. Ulipeleka ile karatasi ya kumi na tano kwa kuwa ndiyo uliyokuwa nayo, kwa hiyo shuleni uliandikwa kwa jina langu na kwa alama zangu mbovu. Miaka ishirini na sita uliitwa Kirimi kazini. Hata Nthiga alikupata kwa jina hilo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, redio yake imeharibika, akaambiwa shuleni kuna mtu hodari anaitwa Kirimi. Akafika akauliza, "Namtafuta Bwana Kirimi." Ukamjibu, "Ndiye mimi. Weka hapo, na usiketi kwenye kile kiti, kina asidi." Akawa ameketi. Suruali ilitoboka. Mpaka leo Nthiga akisimulia hiyo habari anacheka peke yake, halafu ananyamaza ghafla, na inabidi mtu amwambie chai inapoa.

Ulikuwa muoshaji kwa karatasi tu. Kila mwaka kabla ya mtihani wa vitendo shule huletewa karatasi ya siri ya kutayarisha vifaa, na mtu huufanya mtihani kwanza ili kupata majibu ya kulinganisha. Hayo majibu ni wewe uliyekuwa unayapata, siku nzima umejifungia mle ndani na mkate na chupa ya chai. Mwalimu wa fizikia alikuja saa kumi akatia sahihi yake. Wasichana walikuita Madam kama walimu wengine. Mwalimu mmoja akawakataza mbele yako. "Huyo si Madam. Huyo ni wa kuosha chupa." Uliniambia habari hiyo ukiwa unapepeta maharagwe, na hukuacha kupepeta. Nilisema, "Pole." Neno hilo nilikuwa nalo tayari wakati wote.

Ulikuwa na mazoea mle maabara ambayo wanafunzi wako wa zamani, waliokuja mazishini, walisimulia mmoja baada ya mwingine. Wakigawanywa watatu watatu kwa kifaa kimoja, mmoja hushika, mmoja husoma, mmoja huandika. Ulipita na kitambaa chako cha kufutia meza, ukimtafuta anayeandika. Ukimpata, ulichukua kalamu yake ukaitia mfukoni mwako. "Wewe shika waya. Kalamu utaipata kwa geti ukienda." Mmoja wao, Kathambi, alisema alikuchukia kwa hilo muhula mzima. Sasa ni fundi wa mitambo ya umeme. Alisimama pale kaburini akasema alikuwa anaandika kwa sababu aliogopa, na hakuna mtu mwingine shuleni aliyegundua kwamba kuandika kulikuwa kujificha.

Lakini hao ni wachache, Karimi, nisiwadanganye watu siku yako. Wengi waliolewa kabla ya kumaliza, wengine waliambiwa nyumbani kwamba fizikia itawazeesha. Mwaka jana darasa la fizikia pale shuleni lilikuwa na wasichana saba kati ya mia na zaidi. Maabara uliyokuwa unaifagia mara mbili kwa siku wameweka magodoro ndani.

Nifike kwenye mwaka wa tisini na nane. Shule ilipata ruhusa ya kumwajiri fundi wa maabara wa kudumu, na kamati ilikuwa tayari kukupa wewe, ila walitaka kuona umefaulu fizikia. Karatasi yako ilisema umeanguka. Ulikuja Embu ofisini kwangu, ukangoja kwenye benchi na mfuko wa ndengu miguuni, mpaka nikamaliza mkutano.

Ulisema, "Kirimi, nakuomba siku moja. Twende Nairobi, ofisi ya mitihani. Useme nambari yako ni ipi, mimi niseme yangu. Vyeti vyote viwili tuvibebe. Mama bado yuko hai, naye ataapa."

Nikasema, "Watanifukuza kazi, Karimi. Ngoja nistaafu."

"Na mimi ningoje nini?"

Nilizungumza habari za watoto wangu na shule zao. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukasimama, ukaniachia zile ndengu. Nafasi ile alipewa mwanamume aliyekuwa na cheti kizuri na ambaye ulimfundisha wewe kuwasha kichomeo cha gesi bila kuunguza nyusi. Mama akafa miaka miwili baadaye. Nilistaafu. Hukuniuliza tena, na mimi nikajiambia umesahau, ingawa sijawahi kumjua mtu mwenye kumbukumbu kama yako.

Mapafu yalipokushinda, ulilala hospitalini siku tisa. Siku ya sita nilikuja kutoka Embu nimeazimia kusema. Muuguzi alikuwa anajaza fomu upya, ile ya kwanza imepotea. Akaniuliza jina la mgonjwa, nikasema Jerusha Karimi. Mwaka wa kuzaliwa, nikasema hamsini na saba. Nambari ya kitambulisho, nikaitaja yote, kwa kuwa nilikuwa nimeikariri njiani. Ukafungua macho. Ukaondoa ile barakoa ya hewa kidogo ukasema, "Leo umekumbuka."

Muuguzi akadhani unanisifu, akatabasamu. Nikakurudishia barakoa. Nilitaka kukuomba msamaha, lakini nikasema nitarudi Jumatatu. Ulikufa Jumapili.

Watoto wangu hawakujua lolote. Wanasikia leo, hapa kanisani, pamoja na ninyi nyote. Nimewaomba waketi mbele.

Mwezi uliopita Rwamba na mimi tulikwenda Nairobi, ofisi ya mitihani. Tulibeba vyeti vyote viwili, cheti chako cha kuzaliwa, changu, na kiapo nilichoandika kwa wakili. Tulihudumiwa na msichana mdogo, mwenye adabu sana. Alisoma kila kitu mara mbili. Akamwita mwenzake, wakatafuta kwenye mashine, kisha wakatuletea daftari kubwa la zamani, akapitisha kidole kwenye ukurasa wa shule yetu.

"Mzee, marekebisho ya jina huombwa na mwenye cheti mwenyewe. Aje na kitambulisho chake."

Rwamba akasema, "Ni marehemu."

"Pole sana, dada. Basi cha kwake hatuwezi kukigusa." Akanigeukia. "Wewe, kwa kuwa uko hai, unaweza kurudisha hiki kisicho chako. Hiki kingine, cha kumi na tano, kitathibitishwa kuwa chako."

Nikarudisha. Nikatia sahihi mahali patatu. Akanipa cha kumi na tano kilichogongwa muhuri, fizikia imeanguka, nami nina miaka sitini na minane. Hilo halikuniumiza. Nilihisi kama mtu aliyevua kiatu kilichokuwa kinambana. Nikamwuliza, "Na kumi na nne sasa ni ya nani?"

Akaangalia tena lile daftari. Alisema kwa sauti ya chini, na nadhani ilimuuma kusema. "Kwa kumbukumbu zetu haina mtu. Hapa hakuna Karimi, mzee. Mwaka huo, shule hiyo, hakukuwa na msichana aliyefanya fizikia."

Rwamba aliweka kichwa juu ya ile kaunta akalia mbele ya watu wote waliopanga foleni. Mimi nilisimama tu, nimeshika cheti changu.

Ofisi ingeweza kulirekebisha jambo hili siku yoyote kwa miaka arobaini na sita, wakati wewe ulikuwa hai na mimi nina mdomo. Sasa haiwezi. Kwa hiyo tumeliandika sisi, kwenye karatasi hii isiyo na muhuri. Jerusha Karimi Muthamia. Mtihani wa Kidato cha Nne, mwaka wa sabini na tano. Nambari kumi na nne. Fizikia, alifaulu. Mwenye nakala asiitupe.

Wanaokukumbuka ni mume wako Nthiga, binti yako Rwamba na mumewe Mbaka, wajukuu wako, shemeji zako wa Ishiara, wanafunzi wako kila walipo, na kaka yako Kirimi. Jina langu sikuliweka mimi. Nilikuwa nimeliacha nje, Rwamba akaliongeza kwa mkono wake kabla ya karatasi kwenda kuchapwa. Hakuniambia kwa nini, nami sijamuuliza.

Mungu akulaze vyema, Karimi. Kila tutakapokaa pamoja, tutakutaja kwa jina lako.